Barua ya Skuli ni Amana



Darsa yetu ya leo si ya fikihi wala si ya tafsiri, ijapokuwa asili yake imo katika zote mbili. Tumekusudia kusema juu ya karatasi ndogo ambayo mtoto hupewa skuli akaitia mkobani, akaifikisha nyumbani au asiifikishe. Ikasomwa au isisomwe. Ikajibiwa au isijibiwe. Karatasi hiyo ni barua ya mwalimu kwa mzee wa mtoto. Nasi twaona, baada ya kuyatazama yaliyopita katika mitaa yetu, kwamba wengi katika watoto wetu huwa wameshashindwa na mtihani kabla ya kuingia katika chumba cha mtihani. Wameshindwa miezi mingi nyuma, katika barua ambazo hapana aliyezisoma.

Tuanze kwa kisa kimoja tulichokishuhudia wenyewe. Jina la mwenyewe hatulitaji, wala jina la skuli, kwani hatukusudii kumfedhehesha mtu. Twakusudia tuzinduke.

Yuko bibi mmoja, jirani ya msikiti tunaokaa darsa, aliyekuwa akimlea mjukuu wake baada ya mamake mtoto kufariki. Bibi huyu si mjinga. Amekhitimu msahafu, na katika ujana wake alikuwa akiandikiana na mumewe, aliyekuwa baharia, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu ndizo asizozijua. Karo ya mjukuu wake aliilipa kwa fedha za mahamri aliyoyauza barazani, wala hakupata kudaiwa hata muhula mmoja. Kijana alipokuwa kidato cha nne akawa huja na barua. Bibi humwuliza, "Yasemaje, mwanangu?" Naye hujibu, "Ni khabari za karo tu, bibi, nawe umeshalipa." Bibi huikunja ile barua akaiweka katika mkebe, pamoja na risiti za karo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Matokeo yalipotoka, kijana hakupata alama za kumfikisha alikotaraji. Bibi akaja kwa mmoja wetu na mkebe wake mkononi, akitaka aandikiwe barua ya kumwuliza mwalimu mkuu kosa lilikuwa wapi. Mkebe ukafunguliwa. Mlikuwa na barua tatu, zote kwa Kiingereza. Ya kwanza, ya mwezi wa Februari, ilisema ya kuwa mtoto haonekani katika masomo ya hisabati, na kwamba mlezi wake aombwa afike skuli. Ya pili, ya mwezi wa Mei, ilirejea ombi lile lile. Ya tatu, ya mwezi wa Julai, ilionya kuwa kazi yake ya mradi wa kilimo haijaletwa, na siku za kuipokea zakaribia kwisha. Tulipokuwa tukizisoma kwa sauti bibi alinyamaza kimya. Tulipomaliza akasema, "Nimezitunza zote, wanangu. Sikuipoteza hata moja."

Siku ya pili mmoja wetu alikwenda kuonana na mwalimu. Mwalimu akatoa faili, akaonyesha nakala za barua zile tatu, akasema, "Tumeandika mara tatu, hakuja mtu. Wazee wa huku hawawajali watoto wao." Tazameni, ndugu zetu, jambo hili lilivyo la ajabu na la kuhuzunisha. Mwalimu ametimiza aliloliona kuwa ni wajibu wake, na ushahidi anao. Bibi naye ametimiza aliloliona kuwa ni wajibu wake, na ushahidi anao. Barua zile zile ndizo ushahidi wa wote wawili, na mtoto ameanguka baina yao.

Ama kijana, kosa analo, naye mwenyewe amelikiri. Lakini hebu tuulize kwa insafu: ni kadhi gani awezaye kumfanya mshitakiwa kuwa ndiye tarishi wa kesi yake, na ndiye karani wake, na ndiye mkalimani wake, kisha akastaajabu hukumu ilipopotoka? Hivyo ndivyo tulivyomfanya mtoto wa miaka kumi na saba. Tumempa amana ambayo hata mtu mzima ingemlemea.

Na sisi je? Darsa yetu hukaa kila Alkhamisi baada ya Maghribi, nyumba mbili kutoka kwa bibi yule. Tumeyasoma mengi juu ya haki ya jirani. Wala hapana hata mmoja wetu aliyepata kumwuliza, "Bibi, una barua yoyote ya kusomewa?" Kwa hivyo darsa hii twaianza kwa kujilaumu wenyewe.

DINI YASEMAJE JUU YA BARUA

Watu wengi hudhani kuwa mambo ya barua na karatasi ni mambo ya serikali, wala hayaingii katika dini. Sivyo. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani tukufu, nayo imo katika Sura ya al-Baqara, ni aya ya kuandika. Katika aya hiyo Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe; akaamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, wala asikatae kuandika; na akaamrisha kwamba ikiwa yule mwenye deni ni dhaifu au hawezi kutoa maneno yake mwenyewe, basi msimamizi wake amsemee kwa haki; tena wawepo mashahidi. Haya yote ni kwa ajili ya mali. Ikiwa dirham zimewekewa mwandishi mwadilifu, na msimamizi, na mashahidi, basi umri wa mtoto na elimu yake havistahiki zaidi?

Tena tumepokea katika khabari za Mtume wetu (S.A.W.) kwamba alipokuwa Madina alimwamrisha Zaid bin Thabit (R.A.), naye wakati huo ni kijana, ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili amsomee barua zao na amwandikie majibu yake. Hakutaka kusomewa barua zake na watu asiokuwa na amani nao katika jambo lile. Zaid akayajua kwa muda wa nusu ya mwezi. Tuizingatie khabari hii. Mtume (S.A.W.) alikuwa hasomi wala haandiki, na jambo hilo halikumpunguzia cheo hata kidogo; lakini hakuridhia barua ije asijue imesema nini, wala hakuridhia isomwe na asiyeaminiwa. Alimweka mtu mwaminifu akajifunza lugha ya barua ile. Hiyo ndiyo sunna iliyofaa kufuatwa na bibi yetu, na sisi ndio tuliopaswa kuwa Zaid wake.

TULIKOTOKA

Yafaa tujue ugonjwa huu ulianza vipi, kwani tabibu asiyejua asili ya maradhi huponya kwa bahati tu. Wazee wetu wa zamani waliogopa skuli za serikali na za mishenari, nao walikuwa na sababu: katika nyingi ya skuli hizo mtoto alifundishwa dini isiyokuwa yake. Wengi wakawaweka watoto wao mbali nazo. Walitokea wanavyuoni walioona kwamba kujitenga hivyo kutatuangamiza. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932 mjini Mombasa, aliwahimiza Waislamu washike dini yao barabara, na pamoja na hayo wasiiache elimu ya dunia ikawa ni ya wenzao peke yao.

Alhamdulillahi, mwito huo umeitikiwa. Leo ni nadra kumpata mzee wa Kiislamu asemaye kuwa skuli ni haramu. Lakini khofu ile ya zamani imetuachia desturi moja: tumempeleka mtoto, sisi wenyewe tukabaki nje ya lango. Twaliona lango la skuli kama lango la polisi, mahali ambapo mtu haendi illa akiitwa, na akiitwa moyo humdunda. Mwalimu wa chuo cha Qur'ani twamjua kwa jina lake na jina la babake. Twampelekea chakula, twamwalika harusini. Mwalimu wa hisabati, ambaye mtoto hukaa naye saa nyingi zaidi, hatumjui hata kwa sura.

MTIHANI HAUKAI SIKU MOJA

Wazee wengi wangali wakiupima mtihani kwa kipimo cha zamani: yaani mtoto atacheza mpaka mwezi wa Septemba, kisha atafungiwa chumbani na vitabu, naye atapita. Zamani kipimo hicho kilikuwa na makosa. Sasa hakifai kabisa. Tueleze mambo yalivyo.

Utaratibu wa masomo ulioanza mwaka 1985 ulikuwa na mtihani wa darasa la nane, na mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa kundi hilo la mwisho, walioingia kidato cha kwanza mwaka 2024, ndio watakaofunga mtihani wa K.C.S.E. wa utaratibu huo mwaka 2027. Katika mtihani huo mtoto hupewa daraja kuanzia A mpaka E, na mlango wa chuo kikuu kwa masomo ya digrii hufunguka kwa C na alama ya kujumlisha. Wala si kila alama hupatikana ndani ya chumba cha mtihani. Masomo kama kilimo, sanaa na kompyuta yana mradi ambao mtoto huufanya kwa miezi, na hutiwa alama kabla ya mitihani ya kuandika. Barua ya tatu katika mkebe wa bibi yetu ilikuwa ni ya mradi wa namna hii.

Kwa watoto wa utaratibu mpya jambo hili ni zito zaidi. Mtihani wa gredi ya tisa, K.J.S.E.A., ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Katika hesabu ya kumpangia mtoto skuli ya sekondari ya juu, katika kila sehemu 100, sehemu 60 hutoka katika mtihani huo. Sehemu 20 hutoka katika mtihani alioufanya gredi ya sita. Na sehemu 20 hutoka katika kazi alizopimwa skulini mwake gredi ya saba na ya nane. Maana yake ni kwamba sehemu 40 katika 100 zimekwisha kuandikwa kabla mtoto hajaketi kitini na kuishika kalamu. Mzee aulizaye khabari za mtihani mwezi wa Oktoba wa gredi ya tisa amefika sokoni watu wakikunja majamvi.

Matokeo nayo huja kwa lugha mpya. Mtoto haambiwi amekuwa wa ngapi. Huambiwa katika kila somo kwamba amezidisha matarajio, au ameyafikia, au ameyakaribia, au yuko mbali nayo. Na kila daraja katika hizo nne imegawanywa mara mbili, zikawa daraja nane, ya juu ina pointi 8 na ya chini ina pointi 1. Mzee asiyeelezwa haya husoma "amekaribia matarajio" akafurahi kwa kuwa neno ni jema, kumbe mwalimu amemwambia kwa upole kwamba mtoto ahitaji msaada.

Tena pana uchaguzi wa mkondo wa masomo. Mikondo ni mitatu: wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; wa sayansi za jamii; na wa sanaa na michezo. Kundi la kwanza liliingia gredi ya kumi mwezi wa Januari 2026, na uchaguzi wao ulianza mwaka 2025 kabla ya mtihani wenyewe kufanywa. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano aletewapo karatasi ya kuchagua njia ya maisha yake, naye akaijaza peke yake kwa kumwiga rafiki yake, kisha mzee akaitia saini kama atiavyo saini ya kupokea mzigo, huko si kuchagua.

YAMPASAYO MZEE

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kuchunga ni kazi ya kila siku. Basi twamshauri kila mzee na mlezi ayashike mambo haya.

Kwanza, asiache barua ilale ndani ya nyumba bila ya kusomwa na mtu mzima aliye mwaminifu, asiyekuwa yule mtoto inayemkhusu. Ikiwa hajui lugha yake, amwendee jirani, au imamu, au mwalimu wa chuo. Kuomba kusomewa si aibu. Aibu ni kuulizwa na mtoto wako kesho, "Mbona hukuja?"

Pili, mwanzoni mwa mwaka wa mtihani, wakati wa kuandikishwa, atake kuiona orodha yenye jina la mtoto wake. Alitazame jina herufi kwa herufi na alilinganishe na cheti cha kuzaliwa. Sisi watu wa pwani tuna majina mengi: jina la chuoni, jina la nyumbani, jina la babu, na "bin" na "binti" ambazo karani mmoja huziandika na mwengine huziacha. Jina liandikwalo katika orodha ile ndilo litakalotoka katika hati, na hati ndiyo itakayotakiwa siku ya kuomba kitambulisho, pasipoti na kazi. Kosa la herufi moja lirekebishwalo leo kwa dakika moja, baadaye huwa ni safari ya kwenda Nairobi. Na ambaye mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa, asingoje mwaka wa mtihani, akishughulikie sasa.

Tatu, ayajue masomo aliyoandikishwa mtoto wake. Wako wazee waliogundua siku ya mtihani kuwa mtoto wao hakuandikishwa somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, kwa kuwa skuli haikuwa na mwalimu wake, naye mtoto akaona haya kusema nyumbani. Somo hilo latahiniwa katika K.C.S.E. kwa karatasi mbili kama masomo mengine ya dini. Lau wazee wangeuliza mapema, huenda angepatikana mwalimu wa kujitolea katika wanavyuoni wetu. Na wakiuliza Oktoba, hapana la kufanywa.

Nne, ampunguzie mtoto kazi katika muhula wa mwisho, khasa binti. Mvulana wa mtihani huambiwa, "Nenda kasome", dadake, naye ana mtihani ule ule, huambiwa, "Kwanza maliza vyombo, kisha mlaze mtoto, kisha ukasome." Saa nne za usiku ndipo aufunguapo ukurasa, na macho yameshafumba. Uadilifu baina ya watoto ni amri ya dini, nao haukomi katika zawadi na nguo za Idi. Wakati pia ni zawadi. Na harusi zetu za siku saba, zenye ngoma mpaka usiku wa manane mlangoni pa mtoto wa mtihani, hazina ubaya zikingoja mwezi mmoja.

Tano, mwalimu wa chuo na mwalimu wa skuli wajuane. Mtoto atokaye skuli alasiri akaenda chuoni, kisha akarudi na kazi mbili za nyumbani, amebebeshwa na watu wawili wasiojua mwenzake amebebesha nini. Hatusemi mtoto aache chuo, Mungu atuepushe. Twasema walimu hao wawili wakae kitako mara moja, wakubaliane saa za muhula wa mtihani.

YAMPASAYO MWALIMU

Haki haina upande mmoja. Nasi twawaambia ndugu zetu walimu, na wengi wao ni katika wasomaji wetu, kwamba kuandika si kufikisha. Barua isiyofahamika kwa aliyeandikiwa ni sawa na barua isiyoandikwa.

Basi mwalimu akiandika kwa wazee wa pwani, na aandike kwa Kiswahili. Ni lugha ya taifa letu, tena ni lugha ya nyumba hizi. Aandike jambo moja katika barua moja. Aseme waziwazi ni nini lililotokea, ni nini atakalo mzee afanye, na mwisho wa siku ni lini. Barua yenye mambo saba, na la mtoto likawa la sita baada ya karo na sare na ukuta wa skuli, humfanya mzee aone kuwa yote ni karo. Kijana wetu hakusema uwongo mkubwa: barua nyingi zilizotangulia zilikuwa ni za karo kweli, na bibi alikuwa amekwisha kuzoea.

Akiandika mara moja asijibiwe, asiandike mara ya pili kwa njia ile ile. Abadilishe njia: apige simu, au amtume jirani, au aende mwenyewe. Siku hizi skuli nyingi hupeleka khabari kwa simu, na hilo ni jema; lakini simu nyingi za wakongwe hushikwa na vijana wao, na ujumbe waweza kufutwa kwa kidole kimoja. Sauti ya mwalimu sikioni mwa mzee haifutiki.

Mkutano wa wazee usiwekwe saa za sala ya Ijumaa, wala saa ambazo wavuvi wako baharini na akina mama wako katika biashara zao za asubuhi. Na mzee afikapo asikaripiwe mbele ya watu. Mzee aliyefedhehewa mara moja harudi tena, na mtoto ndiye aliyempoteza. Yafaa zaidi barua ya kwanza ya mwaka iwe ni ya kheri: kwamba mtoto amesoma vizuri, au amekuwa na adabu njema. Aliyepokea salamu njema mwezi wa Januari hufungua mlango upesi aletewapo onyo mwezi wa Mei.

Sheria nayo yatusaidia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeweka Chama cha Wazazi katika skuli, na kila mwenye mtoto katika skuli ni mwanachama wake. Hii ni haki isiyonunuliwa. Lakini chama hicho katika skuli nyingi kimekuwa ni cha watu watano wajuanao, kwa kuwa sisi wengine hatuendi. Kisha tukiona mambo yamepitishwa twanung'unika barazani.

YALIYO NI KUJIDANGANYA

Hatuwezi kuifunga darsa hii bila ya kusema juu ya mambo mawili yatokeayo kila ukaribiapo mwezi wa mtihani.

La kwanza ni makombe. Huonekana wazee, ambao mwaka mzima hawakufika skuli hata mara moja, wakitoa fedha nyingi ili mtoto aandikiwe kombe kwa zaafarani alinywe, au kalamu zake zisomewe, au isomwe Halbadiri ili akili imfunguke. Ndugu zetu, dua ni ibada, na dua ya mzee kwa mwanawe ni jambo kubwa mno. Usiku mwinuke, msali, mumwombe Mwenyezi Mungu kwa ndimi zenu wenyewe. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka sababu, na sababu ya kujua hisabati ni kujifunza hisabati. Kalamu iliyosomewa haiandiki lisilokuwamo kichwani. Na fedha za kombe lile zingelitosha kununua vitabu, au nauli ya kwenda kuonana na mwalimu mara tatu.

La pili ni kununua karatasi za mtihani. Hili ni haramu bila ya shaka, kwani ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 nayo imelifanya kuwa ni kosa la jinai. Mzee amnunuliaye mtoto karatasi amemfundisha somo moja ambalo hatalisahau: kwamba babake hakumwamini kuwa aweza. Tena aghalabu karatasi zile ni za uwongo, na mwenye kuiba ameibiwa.

TULILOLIFANYA

Baada ya kisa cha bibi yule, jamaa wa darsa walikubaliana jambo dogo. Kila Alkhamisi, baina ya Maghribi na Isha, wawili wetu hukaa katika baraza ya msikiti, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na yeyote aliye na barua ya skuli, au ripoti, au karatasi ya kuchagua mkondo, huja akasomewa, akafasiriwa, na akitaka huandikiwa jibu lake. Hapana malipo. Yasomwayo hapo hayatoki hapo. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja mmoja, baada ya kuchungulia kwamba hapana amwonaye. Sasa huja wengi, na wengine hutuletea barua za mwaka juzi.

Na bibi yule ndiye mtu wetu wa kila wiki. Mjukuu wake ameandikishwa kuurudia mtihani, nayo ni ruhusa iliyopo, na safari hii bibi amekwenda skuli mwenyewe, akaonana na mwalimu yule wa barua tatu. Wamezungumza kwa Kiswahili. Mwalimu ameandika nambari ya simu ya bibi katika faili lake, na bibi ameandika jina la mwalimu, kwa herufi za Kiarabu, juu ya kifuniko cha mkebe wake.

Twawaomba wasomaji wetu wa miji mingine, na wenye darsa kama hii yetu, wajiulize mambo matatu katika kikao chao kijacho. Ni nyumba ngapi katika mtaa wenu zina mtoto wa mtihani mwaka huu? Katika nyumba hizo, ni nani asomaye barua za skuli? Na katika nyinyi mlioketi hapo, ni nani atakayekwenda kubisha hodi? Mkishindwa kulijibu la pili, msiendelee na kitabu chenu siku hiyo mpaka mmelijibu la tatu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, awape wazee wao uangalifu na walimu wao subira, na atujaalie sisi sote kuwa ni wenye kuzifikisha amana kwa wenyewe. Wabillahi tawfiki.